Tupeane uzoefu: uliposingiziwa kwa maneno ya mdomo, jina lako ulilisafishaje?

Ndugu zangu, aliyekashifiwa gazetini ana angalau kitu kimoja mkononi: karatasi yenye tarehe. Aliyekashifiwa kwa mdomo hana hata hicho. Maneno yanasemwa kisimani, msibani au kwenye kijiwe cha kahawa, na ifikapo jioni yameshapita midomo kumi, kila mdomo umeongeza lake, huku aliyeyaanzisha akiapa kwamba hakutamka neno. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja ya Mwanza, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na katika malalamiko yote yanayonifikia haya ndiyo yanayonikosesha usingizi, kwa sababu mara nyingi mlalamikaji ana haki lakini hana cha kuonyesha.

Kabla hatujaanza, niweke msingi kidogo. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza inataka maneno yenyewe yawe ya kumshusha mtu mbele ya jamii, yamlenge yeye, na yasikiwe na mtu wa tatu. Mkiwa wawili tu chumbani na akakusingizia usoni, hiyo si kashfa hata uumie kiasi gani. Ukweli ni kinga kwa aliyesema. Halafu, tofauti na maandishi, anayelalamikia maneno ya mdomo kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha hasara halisi, kama vile kufukuzwa kazi, kunyimwa mkopo au kukimbiwa na wateja, isipokuwa kwa tuhuma chache zinazohesabiwa kuwa na madhara zenyewe, kama ile ya kosa la jinai linalostahili kifungo au ile inayogusa uaminifu wa mtu katika kazi yake. Zamani tuhuma ya ugonjwa wa kuambukiza nayo ilikuwa kwenye kundi hilo, lakini Uingereza iliiondoa mwaka 2013, uamuzi ambao mimi siukubali, kwa kuwa nimeona jinsi mtu aliyezushiwa maradhi anavyotengwa hata na ndugu zake wa damu.

Naomba kila mwenye lake aeleze ilisemwa nini, nani alisikia, alikwenda wapi na alipata nini.

Mchangiaji kutoka Tanga

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Sanduku letu lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Siku ya kugawana fedha hesabu haikutimia, na kabla hatujakaa kuirudia, mwenzetu mmoja alisimama kwenye bomba la mtaa asubuhi, foleni ya ndoo ikiwa ndefu, akasema: "Hela za kikoba zimejenga choo cha mweka hazina." Choo nilikuwa nimekijenga kweli, kwa fedha za mume wangu, na ndiyo maana maneno yale yaliaminika haraka. Nauza maandazi na chai kibarazani. Wiki ile wateja wa asubuhi walipita mbele yangu wakiangalia upande wa pili.

Shangazi yangu, aliyewahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, alinizuia nisiende kugombana. Aliniagiza niyaandike maneno yale jioni ileile kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba, pamoja na majina ya waliokuwa kwenye foleni, kisha niwaombe wawili kati yao wakubali kusimama nami. Mmoja alikataa kwa kuogopa kuonekana mchonganishi, na simlaumu, maana anaishi nyumba moja na aliyenisingizia. Nilipeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akatuita sote na daftari letu. Tulipolipitia mstari kwa mstari tukakuta rejesho la mkopo wa mama mmoja limeandikwa kwenye ukurasa wa hisa, na fedha ilikuwepo yote sandukuni.

Aliyenisingizia alitaka kuniomba radhi palepale ofisini, sisi watu watano, yaishe. Nilikataa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba ofisini kwake hakuna mteja wangu hata mmoja, na kwamba radhi iombwe mbele ya walewale waliosikia. Aliiomba kwenye mkutano wa kikoba, kisha akaenda bombani akairudia. Wateja walirudi taratibu, si wote.

Mchangiaji kutoka Shinyanga

Yangu haikuishia kwenye kuombwa radhi. Bibi yangu alipika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, jikoni kusiko na dirisha, macho yakawa mekundu. Kila Msukuma anajua wekundu huo, unaodhaniwa kuwa alama ya uchawi, umewagharimu nini wazee wetu wa kike. Wapo waliokatwa mapanga usiku kwa sababu hiyo tu. Mtoto wa jirani alipofariki, mwanamume mmoja alisema msibani, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kifo kile "kina mwenyewe, na mwenyewe tunamwona hapa." Hakutaja jina, ila watu wote waligeuka kumtazama bibi.

Baba yangu mdogo hakusubiri kupambazuke. Usiku uleule tulimhamishia Mwanza, na asubuhi tukatoa taarifa polisi, kwa kuwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, pamoja na ukongwe wake, inaharamisha kumtaja mtu kuwa mchawi. Yule bwana aliitwa na kuonywa. Kisheria tungeweza kuendelea, kwa sababu hata pasipo jina kutajwa inatosha wasikilizaji waelewe anayesemwa ni nani, lakini hakuna hata mmoja wa waliokuwa msibani aliyekubali kuandikisha maelezo. Bibi bado yuko nasi mjini. Ananiuliza kila msimu wa mvua nani amelima shamba lake, na mimi huwa namjibu kwamba limelimwa, bila kumwambia na nani.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mimi ni mwalimu. Mzazi mmoja alisimama kwenye baraza la chifu akadai kwamba nauza mitihani. Halmashauri ya shule ilianza uchunguzi uliokokotwa mno, nami nilikuwa nikiungoja uishe ndipo nichukue hatua, hadi wakili akanitahadharisha kwamba Kenya kesi ya kashfa lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12, iwe ya maandishi au ya mdomo. Alinieleza pia kwamba sikulazimika kuthibitisha hasara, kwa kuwa maneno yaligusa kazi yangu, na kwamba nisipoteze muda kuwaza jela, kwani Mahakama Kuu ilishabatilisha kosa la jinai la kashfa tarehe 6 Februari 2017. Barua ya wakili ilitosha. Mzazi aliyafuta maneno yake kwa maandishi na yakasomwa barazani.

Mchangiaji kutoka Unguja

Mwanangu wa kike alizushiwa habari za uchafu na kijana aliyekataliwa posa. Tulikwenda kwa sheha, naye akamshirikisha imamu wa msikiti wetu. Imamu hakuhutubu, alimsomea kijana aya ya nne ya Surat An-Nur, inayomtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne, kisha akamuuliza wako wapi. Kijana alinyamaza, baba yake akalia, na wazee wakashuhudia kauli ikirudishwa. Posa nyingine imekuja tangu wakati huo, lakini binti mwenyewe bado hapendi kutoka.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Nauliza tu: aliyenisingizia alirekodi sauti akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Je, hayo nayo ni maneno ya mdomo? Na kwa Tanzania muda ni ule ule wa miezi 12?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Dodoma, muda wa Tanzania ni mrefu zaidi: madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu, ingawa kumbukumbu za mashahidi hazidumu hivyo, kwa hiyo usikae. Sauti iliyorekodiwa ina nafuu ambayo mama wa Tanga hakuwa nayo, kwa kuwa maneno yamebaki kama yalivyotamkwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo kwa kompyuta au simu huku akijua kuwa ni za uongo. Usiifute kwenye simu iliyoipokea, na andika majina ya waliokuwemo kwenye kundi siku ile, kwa kuwa hao ndio mashahidi wako. Pia waombe ndugu wanaokutetea waache kuipeleka kwenye makundi mengine ili "watu wasikie alivyosema", maana kila anayeirusha upya anaitangaza upya, na anaweza kujibu kwa hilo yeye mwenyewe. Ukienda polisi kulalamika kwa nia njema unalindwa, hata kama uchunguzi hautakwenda ulivyotarajia.