Tupeane uzoefu: kikohozi sugu kinachotokana na tindikali ya tumbo

Asalaam alaykum, wa Unguja na wa Pemba. Hapa tunazungumzia kile kikohozi kikavu kinachompanda mtu akishajinyoosha kitandani au akimaliza kula tu, na chupa za dawa ya kifua zimekwisha bila ya faida. Wenye kujua kazi zao waseme: wa wodini, wa duka la dawa, fundi, mpishi. Nani kaumwa lini tuyaache, tutoe mbinu.

Wodini_Mkoani
Msianze na tumbo. Kikohozi kikitimia wiki 2, kapimwe makohozi kwanza. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali. Kisha tazama vidonge vya presha. Vyenye majina yanayoishia na "pril" (enalapril, captopril, lisinopril) huweza kuleta kikohozi kikavu hata baada ya miezi ya kuvitumia. Usiviache mwenyewe. Daktari hubadilisha, mara nyingi kwa losartan, na kikohozi huondoka ndani ya wiki 1 hadi 4, kwa wengine hufika miezi 3. Kuna pumu pia, na mafua yanayochuruzika nyuma ya koo. Na moshi wa makumbi, na vumbi la karafuu msimu ukipamba moto.

Kikivuka wiki 8 kwa mtu mzima, picha ya kifua ikawa safi na hayo mengine hayapo, hapo ndipo tindikali inashukiwa. Sauti hukwaruza asubuhi, koo linataka kusafishwa kila mara, mdomo una uchachu, mtu anakohoa akicheka, akiinama au akisujudu na tumbo limejaa. Kiungulia si lazima kiwepo. Umio na njia za hewa hutumikiwa na mshipa mmoja wa fahamu, kwa hiyo tindikali ikiunguza sehemu ya chini ya umio, mtu hukohoa hata kama hakuna kilichofika kooni.

Ukiona damu kwenye makohozi, choo cheusi, chakula kinakwama, au uzito unashuka bila ya sababu, usisome zaidi, nenda hospitali. Mtoto vilevile, hizi mbinu si zake.

Fundi_Samadari
Watu wakiambiwa walaze kichwa juu, wanarundika mito mitatu. Mito inamkunja mtu kiunoni, tumbo linabanwa, kilichomo kinasukumwa juu. Ni kheri hata asingefanya kitu. Kinachotakiwa ni kitanda kizima kiiname.

Kata mapande mawili ya mti mgumu, kimo cha sm 15 hadi 20, upana usiopungua sm 15, uyaweke chini ya matendegu ya mchagoni. Juu ya kila pande chimba kishimo cha sm 3 kinachoenea tendegu. Bila ya kishimo, mtu akijigeuza usiku kitanda kinashuka kwa kishindo. Tofali la saruji nalo silipendi kwa samadari: kitanda kizito, ncha ya tendegu nyembamba, tofali linamong'onyoka. Godoro litateleza kwenda miguuni, basi pigilia kibao cha sm 10 upande huo.

Anayelala chini akatiwe sponji ngumu kwa umbo la kabari: urefu sm 60 hadi 70, upande mnene sm 20. Mgongo mzima ulale juu yake, si kichwa peke yake. Sponji laini ya makochi haifai, inabonyea upesi.

Bi_Mapishi_Ngambo
Kwangu mimi saa inashinda aina ya chakula. Wengi hapa hula baada ya isha kisha saa nne wamelala. Kula mara baada ya magharibi, ukimaliza saa moja, utakuwa na saa tatu kabla ya kulala na tumbo limeshapungua.

Urojo una embe au ndimu pamoja na pilipili, na juu yake bajia za mafuta: kwa mgonjwa huyu ni wa mchana, kibakuli kidogo. Pilau na biriani tatizo lake ni mafuta na wingi wa sahani. Kahawa chungu ya barazani baada ya isha iachwe kabisa wakati unapozijaribu mbinu hizi. Na lile la kumpa mwenye kikohozi ndimu na asali, hapa linaongeza uchachu. Pipi za minti nazo hulegeza mlango wa chini wa umio. Kanga au mkanda usikazwe tumboni baada ya kula.

Kaunta_Darajani
Omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, humezwa vibaya kuliko dawa zote ninazoziuza. Ni mg 20, dakika 30 hadi 60 *kabla* ya kula, kwa sababu hufanya kazi pale chakula kinapoziamsha pampu za tindikali. Ukimeza wakati wa kulala bila ya kula, umepoteza sehemu kubwa. Usitafune punje zilizomo ndani ya kapsuli. Ganda la kila punje ndilo linaloilinda dawa tumboni. Kwa kikohozi daktari huweza kuandika mara mbili kwa siku, na matokeo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, si siku tano. Asiye na kiungulia asiitegemee peke yake: dawa inapunguza ukali wa kinachopanda, haizuii kupanda. Ndiyo maana kitanda cha fundi na saa za Bi Mapishi zina uzito zaidi.

Kijana_Makunduchi
Na Ramadhani je? Na kulala ubavu wa kushoto tunaambiwa, na sunna ni kulia?

Kaunta_Darajani
Ramadhani, amka mapema, meza dawa kwa maji, subiri nusu saa ndipo ule daku, na usirudi kulala papo hapo. Kama ni mara mbili, cha pili meza kwa maji ya kufungulia, sali magharibi, ndipo ufuturu.

Ubavu wa kushoto tumbo linakaa chini ya umio, kwa hiyo tindikali hupanda kwa uchache zaidi. Unaweza kuanza kulia ukisoma dua, kisha ugeuke. La fiqhi muulize sheikh wako.

Mnaotaka kupima bakteria wa vidonda vya tumbo, omeprazole isimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo cha choo, antibiotiki wiki 4. Aliyeitumia miezi asiikate ghafla, tindikali hurudi kwa nguvu. Apunguze taratibu kwa maelekezo ya daktari. Na anayetumia clopidogrel ya moyo aniambie kabla sijampa.