Mwajenga hoteli juu ya tangi la maji la Amu, kisha mwauliza kelele za nini?

Waamu, salamu. Uzi huu ni wa hasira na radhi siombi.

Kila mwekezaji anayeshuka na michoro yake, akivitazama vile vilima vya mchanga vya Shela, hapa kisiwani kwetu Amu (Lamu), huona jangwa. Mtanga mtupu, hapana shamba, hapana nyumba, basi ni pa kujenga. Na sisi twamsaidia kwa ujinga wetu. Mikutanoni twagombana kuhusu bikini na pombe, yeye anatabasamu na kuandika kwamba wenyeji wana wasiwasi wa kimila. Nani amwulize habari ya maji?

Mji wa Amu unakunywa kutoka chini ya vilima hivyo. Mvua ya masika ikianguka juu ya mtanga haitiririki, huzama. Chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pwani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi (lita moja ya bahari ina takriban kilo 1.025), huelea juu yake kama samli juu ya mchuzi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 chini yake. Mtu akisikia 40 hufurahi. Igeuzeni hesabu: uso wa maji ukishuka sentimita 25 tu, mpaka wa chumvi waweza kupanda mita 10.

Ndoo na kamba havileti balaa hilo. Huchota kidogo, na usiku kisima hupumzika. Pampu ya umeme inayovuta masaa 10 mfululizo mahali pamoja huinua chumvi chini yake kama kichuguu. Ikishapanda, kuzima pampu leo hakuirudishi kesho. Ni misimu ya mvua mtasubiri, na jirani aliye na kisima cha babu yake ndiye wa kwanza kuonja.

Haya, chukueni bwawa la kuogelea moja la wastani, mita 20 kwa 10, kina mita 1.5. Ni lita 300,000, yaani mitungi 15,000 ya lita 20. Punda akibeba minne, ni safari 3,750 kujaza mara moja. Halafu jua. Pwani yetu bwawa hupoteza kama milimita 6 kwa siku, kwa ukubwa huo ni lita 1,200, mitungi 60 kila siku inayopaa hewani bila kuoga mtu. Bado mashuka, bado bustani ya nyasi, maana hawataki mtanga waliosafiri kuja kuuona.

Wakibanwa husema wataleta mtambo wa kuchuja maji ya bahari. Vizuri, lakini kwenye kila lita 100 zinazoingia, kama 40 hutoka tamu na 60 zilizobaki zina chumvi zaidi ya bahari yenyewe. Zinamwagwa wapi? Kama ripoti yao ya mazingira yasema "shimo la kunyonyea" nyuma ya jengo, wamechukua chumvi wakaidunga kwenye tangi letu kwa hiari yao. Na mtambo ukiharibika wageni wakiwa vyumbani, kisima cha akiba ndicho kitakachofanya kazi. Kila mradi una kisima cha akiba.

Majitaka ni hadithi ile ile. Udongo wa mfinyanzi huchelewesha uchafu, mtanga huupitisha upesi. Shimo la choo lenye vyumba vitatu linalofaa bara, juu ya kilima cha mchanga ni bomba tu la kupeleka uchafu visimani. Na kilima chenyewe hushikwa na ile mimea itambaayo. Ikifyekwa ili mgeni aone bahari, kusi likianza hukuta mtanga mtupu na kuuhamisha. Mwaka wa pili wanakuja kuomba ruhusa ya kujenga ukuta.

Sasa mikutano, hapa ndipo damu inapochemka. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zataka, kwa ripoti kamili, mikutano isiyopungua mitatu na walioathirika, mabango, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo na redioni pia. Tunachoona ni mkutano mmoja, soda, na karatasi ya mahudhurio ambayo baadaye hubandikwa nyuma ya ripoti kama kwamba ni idhini. Ukiweka sahihi, andika kando ya jina lako "nimehudhuria tu, sikukubali", kisha piga picha ukurasa mzima. Andikeni kumbukumbu zenu wenyewe siku ile ile, mpeleke NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni, nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kuandikwa.

Hila nyingine ni kuukatakata mradi. Leo nyumba sita, mwakani sita nyingine, mwaka wa tatu bwawa na gati. Kila kipande ni kidogo, kila kipande chapita na ripoti fupi.

Ripoti ikipatikana, msianze na picha za machweo. Fungueni upimaji wa pampu, yaani jaribio la kuvuta maji kisimani kuona kinatoa kiasi gani, na mtazame tarehe. Ukipima Juni baada ya masika, kila kisima ni kitajiri. Kipimo cha haki ni Machi, mwisho wa kaskazi, mvua haijaja. Na sisi tupime visima vyetu kuanzia sasa, kabla tofali la kwanza: kina cha maji kwa kamba yenye alama, na chumvi kwa kipima mkondo (kifaa kinachopima maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda), tarehe ile ile kila mwezi, kwenye daftari moja. Bila hiyo watasema chumvi ilikuwepo tangu zamani, na hatutakuwa na la kujibu.

Siku zina hesabu. Ruhusa ya ujenzi ya kaunti hupingwa mbele ya kamati ya upatanishi ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA, tribunali ya mazingira ndani ya siku 60. Anayesema kesi hizi hazishindiki akumbuke mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, huku huku Lamu: tarehe 26 Juni 2019 tribunali hiyo iliifuta leseni yake, na hoja kubwa ilikuwa hii hii ya wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

Kuhusu ufukwe, ardhi kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma kwa Katiba, hati isiwatishe. Kanuni za upimaji pia huacha kwa kawaida mita 60 juu ya maji kujaa pale ardhi ya serikali inapogawanywa, ingawa waziri alipewa mlango wa kupunguza. Ulizeni afisi ya ardhi kama mlango huo ulifunguliwa, lini, na kwa barua ipi.

Hoja za ajira nimeziacha makusudi. Mpishi naye hunywa maji.

Mwenye ripoti yoyote ya kisima cha hoteli kule vilimani aweke hapa ukurasa wa upimaji wa pampu, ule wenye tarehe. Kurasa nyingine tunaweza kusubiri.