Legoland ya Dubai au Warner Bros. ya Abu Dhabi? Watoto wa miaka 3 na 6, tuna siku moja tu ya michezo

Mama_wa_Tabata

Salaam wapendwa. Naomba mawazo ya waliokwisha kwenda na watoto wadogo wao wenyewe, maana kila ninayemuuliza hapa Dar ananiambia kote kuzuri.

Tunakwenda Dubai mimi, baba watoto, mama yangu mzazi (magoti yanamsumbua) na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 6, mdogo anatimiza 3 tarehe 6 Januari. Tumejichanga miaka miwili, na hela inatosha bustani moja ya michezo kwa siku moja, basi. Nimebakiza tatu kichwani: Legoland, IMG Worlds of Adventure, na Warner Bros. World ya Abu Dhabi. Tunaweza kusafiri likizo ya Juni au ya Desemba. Baba watoto anavutia Desemba kwa sababu Legoland mtoto ambaye hajafika miaka 3 anaingia bure, na mdogo wetu atakuwa bado. Mimi hofu yangu ni nyingine: tusije tukamaliza akiba yote halafu mmoja wao akashinda anawatazama wenzake wakicheza.

Kaka_wa_Deira

Karibu sana dada. Nianze na joto, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Juni huku joto linapita nyuzi 40, na jua likizama haipoi kama mnavyozoea nyumbani. Legoland sehemu kubwa iko nje. Mtoto wa miaka mitatu atavumilia saa moja, saa ya pili mtakuwa mnatafuta kivuli. Kwa hiyo mkija Juni ifuteni, mbaki na za ndani: IMG, iliyofunguliwa 2016, au Warner Bros., iliyofunguliwa 2018. Zote mbili ziko chini ya paa mwanzo hadi mwisho. Mkija Desemba au Januari, mchana ni nyuzi ishirini na kitu, upepo mzuri, na hapo siwezi kukushauri kwingine ila Legoland.

IMG mimi ningeiacha kwa umri wa wanao. Kuna eneo la Cartoon Network ambalo wadogo hulipenda, lakini mvuto mkubwa wa pale ni mashujaa wa Marvel na madinosaria yanayotikisa vichwa na kunguruma. Ni raha ya mtoto wa miaka kumi.

Mama_Wawili_Nrb

Mimi napingana na kaka kidogo. Sisi tulienda Agosti, maana ndiyo likizo tuliyokuwa nayo, tukachagua Warner Bros. na sijutii. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Sehemu mbili zilimtosha siku nzima, Cartoon Junction na Bedrock. Zile za Gotham City ni za giza giza, tulizipita haraka. Hakuna jua, hakuna kofia, hakuna kupaka losheni kila saa. Mtoto akisinzia kwenye kigari analala kweli, kwa sababu hakuna joto la kumwamsha.

Tena wanaosafiri kiangazi wamuulize anayewashughulikia viza kuhusu watoto. Mwaka 2018 Emirati walipitisha kwamba wenye chini ya miaka 18 wanaofuatana na wazazi wasilipe ada ya viza ya utalii kati ya 15 Julai na 15 Septemba. Kwa familia yenye watoto wanne hiyo si hela ndogo. Kwa Juni ya Tanzania haiwasaidii, ila wengine wanaosoma hapa itawafaa.

Na nakuomba, dada, usikubali kuuziwa tiketi ya bustani mbili kwa siku moja. Wakala mmoja wa safari alitushawishi hivyo mara ya kwanza tulipokwenda. Tuliingia ya pili saa kumi jioni watoto wote wamelala. Tukawasukuma kwenye vigari tukazunguka nao hivyo hivyo, mimi na mume wangu hatusemezani, kisha tukatoka. Bei ilionekana nafuu kwenye karatasi, lakini nusu ya tiketi ile hakuna aliyeitumia.

Binti_Muscat

Asalaam alaikum dada'angu. Miye nipo Muscat, huenda huko kwa gari, kama saa tano hivi ukijumlisha na mpakani, na nimezunguka na wanangu karibu zote. Nikwambie la bibi kwanza, kwa sababu wengi humsahau.

Kumbi hizi za ndani kiyoyozi chake ni kikali. Unatoka kwenye joto unaingia kwenye baridi, na mtu mzima mwenye magoti huumia mbele ya watoto. Mara ya mwisho mama alikuwa na doti ya kanga kwenye mkoba. Akaikata palepale kwa meno, kipande kimoja akamfunga nacho mjukuu kifuani, cha pili akajifunika magoti. Akakaa karibu na bembea za farasi saa mbili nzima kwa raha zake, sisi tunakwenda na kurudi. Viti vya magurudumu hukodishwa, lakini yeye hakukitaka, alitaka pa kukaa na kanga.

Legoland kwa bibi ni nzuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Iko sehemu yao inaitwa Miniland, ile iko ndani kwenye ubaridi wa wastani, wamejenga miji ya eneo hili kwa matofali yale madogo ya Lego ya kuchezea. Kuna Burj Khalifa yenye urefu wa mita 17. Mama alisimama pale muda mrefu akitafuta misikiti anayoijua. Vyumba vya kuswalia pia vipo, usiwe na shaka.

Na kama hela ni ya kubana, kuna Hili Fun City ya Al Ain, mji wa Emirati ulio mpakani na Oman. Hiyo ilifunguliwa 1985, kabla ya hizi zote, na ni ya familia hasa: miti, kivuli, michezo ya wadogo, watu wanakuja na mikeka. Haina mbwembwe za Dubai. Kwa sisi wa Oman iko karibu, unavuka tu Buraimi. Kwa nyinyi mnaotoka Dar itakula nusu siku ya njia, kwa hiyo nakutajia tu.

Baba_Pacha_Kisauni

Dada, swali lako la nani atabaki kutazama ndilo la kweli, na jibu lake ni kimo.

Kwenye kila mchezo kuna kibao chenye mstari. Pacha wangu walikuwa na miaka mitano tulipokwenda kwenye bustani moja ya ndani, jina halina haja. Kulikuwa na treni ndogo ya juu ambayo walikuwa wakiizungumzia tangu Mombasa. Wa kwanza akasimama kwenye kibao, kichwa kikagusa mstari. Wa pili akapungua kwa vidole viwili. Akavua viatu, akavivaa tena akikaza kamba kabisa, akidhani vitamwinua. Kijana wa pale akapiga goti akamweleza kwa upole, wala hakuwa na kosa, kazi yake ni usalama wa mtoto. Yule aliyeruhusiwa naye akakataa kupanda peke yake. Tukaishia kwenye benchi sote wanne tukila bisi.

Tangu siku hiyo siulizi bustani ina michezo mingapi. Nauliza michezo mingapi inamfaa mtoto wangu kwa sentimita alizonazo leo. Orodha hizo zipo kwenye tovuti zao, mchezo kwa mchezo. Chukua jioni moja uzisome na watoto wamelala. Ukisoma hivyo utaona mwenyewe kwamba Ferrari World, bustani nyingine ya Abu Dhabi, haiwahusu kwa sasa. Ile treni yao ya kilomita 240 kwa saa si ya watoto wa shule ya awali.

Kaka_wa_Deira

Baba Pacha kasema. Niongeze jambo ambalo huenda likabadilisha hesabu za shemeji.

Pale Legoland mchezo ambao watoto huuzungumzia hadi wanarudi nyumbani ni shule ya udereva. Zipo mbili: kubwa ni ya miaka 6 hadi 13, ndogo ya miaka 3 hadi 5. Magari ni ya umeme na hayapiti kwenye reli, mtoto anaendesha mwenyewe kweli. Dada, wanao wamekaa mahali pazuri ajabu: wa 6 anaingia kubwa na wa 3 anaingia ndogo, siku moja, kila mmoja na gari lake.

Lakini akiwa na miaka miwili na miezi kumi na moja, haingii.

Nilimpeleka mtoto wa dada yangu alipokuja kutoka Morogoro, alikuwa na miaka mitatu na miezi michache. Akafungwa mkanda, akashika usukani kwa mikono miwili, ulimi nje. Akaenda kama mita tatu akagonga ukingo. Hakulia. Alikaa wima akitazama mbele, anasubiri, kama dereva wa daladala aliyesimamishwa na trafiki. Yule dada wa pale akamgeuzia gari, akaondoka tena, akagonga upande wa pili. Dakika zote zile aligonga zaidi ya alivyokwenda, na alipotoka alikuwa mtu mwingine. Usiku ule alilala na fulana ileile, hakukubali kubadilishwa.

Kwa hiyo Desemba shemeji ataokoa tiketi moja ya mtoto, ila mdogo atasimama kwenye uzio akimtazama kaka yake.

Mama_wa_Tabata

Huyu mkubwa ni wa kike, lakini nimekuelewa kaka, na umenigusa palepale. Nimemsomea baba watoto ujumbe wako kwa sauti. Kanyamaza kidogo akaniuliza, "Januari haiwezekani?" Shule ya mkubwa inafungua kwenye tarehe 12 au 13. Tukiondoka tarehe 3 na kurudi tarehe 9 je? Kuna foleni kubwa siku hizo?

Mama_Wawili_Nrb

Inawezekana kabisa, na ni afadhali kuliko Desemba. Kati ya Krismasi na mwaka mpya hoteli za Dubai hupanda sana na kila familia iko nje. Shule za kule zikishafungua Januari, siku za katikati ya wiki zinapumua. Kumbuka tu tangu 2022 mapumziko yao ya wiki ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wanafanya kazi nusu siku. Epukeni hizo.

Nakubali kushindwa kwa Januari. Warner Bros. yangu ibaki ya kiangazi.

Binti_Muscat

Januari jioni kuna kibaridi, dada'angu. Chukua sweta za watoto. Na kanga ya mama usiiache.

Mwanafunzi_Udom

Jamani kwa nini asisubiri Disney? Nimesikia wanajenga Abu Dhabi.

Kaka_wa_Deira

Mdogo wangu, hiyo ilitangazwa Mei 2025, kwamba itajengwa kwenye kisiwa cha Yas, jirani na hao Warner Bros. Kujengwa ni miaka. Mtoto wa dada atakuwa kaota meno ya ukubwani.

Dada, usafiri sasa. Kutoka Deira, mtaa wa Dubai ninaokaa, hadi Legoland ni kama kilomita 50, iko nje kabisa upande wa Jebel Ali. Metro haifiki. Wengi hupanda metro ya Red Line hadi Ibn Battuta, halafu basi la DPR1. Ni rahisi kwa hela, lakini na bibi mwenye magoti, kigari na watoto wawili, nakushauri teksi wakati wa kwenda. Mfike mlango unapofunguliwa watoto wakiwa na nguvu. Kurudi mtaamua kwa hali mtakayokuwa nayo. Abu Dhabi ingekuwa zaidi ya kilomita 100 kila upande, na hiyo nayo ni sababu ya kubaki Dubai.

Mkifika, msianze na ya mlangoni. Nendeni moja kwa moja shule ya udereva kabla foleni haijajaa, Miniland muiweke saa za jua kali na usingizi wa mchana, yaani saa sita hadi saa nane. Mdogo alale kwenye kigari humo ndani, bibi apumzike, mkubwa atembee na baba yake. Kwa michezo ya mkubwa mnaweza kusubiriana: mzazi mmoja anapanda naye, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Ulizeni kwa mhudumu pale kwenye mchezo. Chakula cha nje hawaruhusu, ila cha mtoto mchanga hawana neno. Tiketi nunueni mtandaoni mapema, mlangoni huwa ghali zaidi.

Mama_wa_Tabata

Sina cha kuwalipa ila dua. Tumekubaliana: tunaondoka tarehe 3 na Legoland ni tarehe 6 yenyewe, siku anayotimiza miaka mitatu. Baba watoto kasema tiketi ya mdogo analipa yeye na ndiyo zawadi yake. Swali la mwisho: watataka ushahidi wa umri kwenye yale magari? Na nimempima asubuhi hii kwenye fremu ya mlango, ana sentimita 93.

Kaka_wa_Deira

Beba pasipoti yake kwenye mkoba wa mbele, usiiache hotelini. Wakiuliza unayo mkononi.

Baba_Pacha_Kisauni

Mpime tena wiki ya kusafiri, akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Na mpime na dada yake pia.