Kamera ya video na programu ya kuhariri kwa mwanafunzi wa Nairobi: tupeane uzoefu

SouthB_mwaka_wa_pili
Wadau, salamu. Nasomea utengenezaji wa filamu. Kamera za idara hazitoshi: kundi likizichukua Ijumaa, sisi wengine tunangoja hadi Jumatatu. Nimejikusanyia akiba, na kilichobaki kwenye mkopo wa HELB nimeongeza hapo, nataka kamera yangu mwenyewe. Laptopu ninayo, ya mtumba, i5 yenye ramu ya GB 8. Mtandaoni nakuta orodha za kamera za watu walio Ulaya. Hakuna anayeniambia itakuwaje nikishuka nayo Tom Mboya saa moja jioni, au nikiingiza video zake kwenye laptopu hii. Naomba mwenye kutumia, si mwenye kusikia, aseme: unapiga na nini, unahariri na nini, na kwa nini.

Dada_wa_Umoja
Natumia Canon 200D, niliinunua ikiwa imeshatumika, duka la ghorofani Moi Avenue. 4K, ile video yenye picha kali zaidi, haina. Inarekodi 1080p, yaani HD kamili, hadi fremu (picha) 60 kwa sekunde, na hakuna mwalimu aliyewahi kunidai zaidi ya hapo. Niliichagua kwa sababu ya tundu la maiki. Canon 2000D na 4000D zilikuwa kabati hilohilo, bei yao inavutia, lakini tundu hilo hazina. Sony a6000 nayo hivyohivyo. Ukimhoji mtu pale kituo cha mabasi cha Kencom, maiki ya ndani ya kamera itakuletea makanga wanaoita abiria, maneno ya mhojiwa utayatafuta.

Kukagua nilikwenda na memori kadi yangu na maiki yangu. Nilifunika lenzi, nikapandisha ISO, kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, nikarekodi dakika moja ya giza tupu, kisha nikaitazama kwa makini. Vidoti vyekundu au vyeupe ambavyo havisogei ni ugonjwa wa sensa, kile kipande kinachonasa picha, vitakufuata kwenye kila klipu. Halafu nikachomeka maiki na kuitikisa pini yake taratibu huku narekodi. Ikikwaruza, tundu limelegea. Mwisho nikakigeuza kioo huku na huku nikiangalia kama picha inakatika, maana kioo cha kugeuka kina waya unaochoka. Muuzaji mwema atakuacha ukague. Anayekukataza, muage ushuke ngazi.

Kasoro yake: haina tundu la hedifoni. Kabla ya kila mahojiano narekodi kipande kifupi, nakisikiliza, ndipo naanza.

Roysambu_kwa_simu
Dada, nakuheshimu, lakini hata hiyo 200D si lazima kwa mwaka wa pili. Mimi napiga kwa simu, na pesa nilipeleka kwenye sauti: Boya BY-M1, ile ya kubana kwenye kola. Waya wake ni mita sita, ina swichi ya simu na kamera, kwa hiyo siku nikinunua kamera naenda nayo.

Cha kuangalia ni kwamba simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu. Mwanga ukipungua zinashusha, ukirudi zinapandisha, zenyewe. Ukiunganisha na sauti uliyorekodi kando, mwanzoni mdomo na neno vinakwenda sawa, lakini kadiri klipu inavyoendelea vinaachana. Napitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya bure, nachagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo nahariri. Kazi fupi namaliza na CapCut, programu ya kuhariri, palepale kwenye simu. Mahojiano marefu, hapana, hayo yanataka kompyuta.

Fundi_wa_Kahawa_West
Ndugu wa South B, ungeuliza kwanza laptopu yako inaweza kubeba nini, ndipo uchague kamera. Napokea kompyuta za wanafunzi kila wiki, na malalamiko ni yaleyale: video inaruka, programu inajifunga. Faili za H.264, mtindo wa kubana video, zinazotoka kwenye kamera hizi zimebanwa sana. Fremu nyingi hazihifadhiwi nzima, yanahifadhiwa mabadiliko tu, kwa hiyo kompyuta inafumbua fremu kadhaa ili ikuonyeshe moja. Ukileta 4K kwenye ramu 8 unaitesa.

Kwa programu za kuhariri, DaVinci Resolve ya bure ina nguvu kweli, hasa kwenye rangi, na inatoa video hadi 3840 kwa 2160, yaani 4K. Toleo la kulipia ni dola 295, unalipa mara moja. Ila inategemea kadi ya michoro, na laptopu isiyo na kadi yake itahema. Na kama unatumia Linux, ya bure haitafungua hizo H.264 zako. Kwa mashine uliyoitaja ningeweka Kdenlive au Shotcut. Zote mbili ni bure kabisa, na zote zinakutengenezea nakala nyepesi za klipu: unakata kwa nakala, wakati wa kutoa filamu programu inarudi kwenye zile za asili. Washa hilo kabla hujakata chochote.

Premiere, programu ya kuhariri ya kulipia, ile ya kuvunjwa kufuli inayouzwa kwenye flashi, achana nayo. Nimesafisha virusi vingi vilivyoingia kwa mlango huo, na mwanafunzi alikuwa ameshapoteza mradi mzima. Pesa ikibaki, nunua SSD (diski ya kasi) na uongeze ramu kabla ya lenzi ya pili.

Mzee_wa_Harusi
Vijana, mimi nilianza na MiniDV, kanda ndogo za video. Kanda ya saa moja iliingia kwenye kompyuta kwa saa moja, ikala GB 13, hakuna njia ya mkato. Nyinyi mmepata nafuu. Lakini kama utachukua kazi za harusi kulipia karo, ujue hizo Canon ndogo huacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, na mahubiri hayangoji. Kwa sherehe bado nashika kamera ya video yenyewe, inachomekwa kwenye umeme na inarekodi mpaka kadi ijae.

SouthB_mwaka_wa_pili
Shikamoo mzee. Na ile michirizi inayotembea kwenye picha nikipiga ukumbini chini ya taa za mirija?

Mzee_wa_Harusi
Marahaba. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera yako huenda imewekwa NTSC, mfumo wa video wa nchi za umeme wa hezi 60. Ingia kwenye menyu uweke PAL, ule wa hezi 50, piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 au 1/100 ya sekunde. Taa za mirija zitatulia.

SouthB_mwaka_wa_pili
Nashukuru sana. Nimeamua: 200D, Kdenlive, na ramu niongeze mwezi ujao. Dada, betri ya pili ya LP-E17, zile za kuiga zinafaa?

Dada_wa_Umoja
Zinafaa, ninazo. Nyingine hazionyeshi chaji iliyobaki, na nyingine zinakataa chaja ya Canon, kwa hiyo nunua iliyo na chaja yake ndani ya pakiti. Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi maduka yanajaa na hutapata nafasi ya kukagua.