Naomba ushauri: ufuta wangu unatoa vijani badala ya maua

Habari za leo wakuu na wakulima wenzangu. Niko Kiwangwa, Bagamoyo, nina ekari mbili za ufuta. Umeanza kuchanua, lakini baadhi ya mimea haitoi maua kabisa: kileleni kumejaa vijani vidogo vilivyosongamana kama kifagio, na ukipasua lile linaloonekana ua, ndani hukuti dalili ya kitumba. Mingine tawi moja ndilo limeharibika, mengine yanazaa vizuri tu.

Nimesoma kwamba watafiti wanauita ugonjwa huu filodi, unaenezwa na wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu, na mmea ukishaugua hauponi. Nimeng'oa mimea iliyozidi kuugua nikaichoma, nikapuliza maji ya mwarobaini, lakini asubuhi wadudu bado nawaona chini ya majani. Inaniuma sana, ufuta huu ndio ada za watoto.

Ile yenye tawi moja bovu, niing'oe yote au nikate tawi tu? Na nipulize dawa gani, saa ngapi, nisiue nyuki? Wamejaa shambani wakati huu wa maua. Aliyewahi kupambana nao huku Pwani naomba anielekeze. Natanguliza shukrani.