Chumba cha vijana kipo, lakini vijana hawaji: tunakosea wapi?

Mratibu wa afya ya uzazi (swali)
Habari zenu. Kituo chetu kilitenga chumba cha vijana wenye umri wa miaka 10 hadi 19, tukaweka vipeperushi na michezo, lakini wanaokuja ni wavulana wachache wanaocheza kisha kuondoka. Msichana wa kwanza kuja kwa haja hasa alikuwa tayari na mimba ya miezi 5, na katika umri wake hatari ya kifafa cha mimba ni kubwa kuliko kwa mwanamke wa miaka ya 20. Jambo hili linaniuma. Tufanye nini?

Muuguzi mkunga
Ndugu mratibu, kabla hujagusa chumba, kaa siku nzima kwenye benchi la mapokezi usikilize. Msichana huulizwa shida yake kwa sauti, mbele ya majirani wa mama yake, na akiingia ndani huulizwa kama ameolewa. Nami niliwahi kuuliza hivyo, nikidhani ninamlea. Chumba chenye kibao cha vijana humtangaza anayeingia, kwa hiyo sisi tuliwarudisha katika vyumba vya wagonjwa wote, ili asijulikane nani amefuata nini.

Muda nao haungoji. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, na kadiri anavyochelewa ndivyo nguvu ya vidonge inavyopungua. Dawa za kumkinga aliyebakwa dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Ukimwambia akamlete mzazi kwanza, huenda asirudi kabisa.

Mwalimu wa sekondari
Nakubaliana na dada muuguzi, ila msichana hawezi kumwendea mtu asiyemfahamu. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Shirika la Afya Duniani huielekeza kwanza kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, huwaleta wauguzi shuleni. Siku hiyo muuguzi asichome sindano na kuondoka. Abaki, ajibu maswali yaliyoandikwa bila majina, na wavulana wawepo pia, kwa sababu kondomu na ridhaa ni mambo yao vilevile.

Mratibu wa afya ya uzazi
Ahsanteni sana. Nimefungua daftari letu la uzazi wa mpango baada ya kuwasoma, nikakuta safu ya tatu inauliza jina la mume. Nitaanza na safu hiyo, kisha benchi.