Nimeambiwa "kaa chini, mama korosho" na mtu mwenye VPN (app ya kupenya mitandao iliyofungwa) kwenye simu yake

Wakuu, bado mikono inatetemeka. Nimetoka semina ya mitandao ya kijamii sasa hivi hapa Mtwara mjini, hata maandazi nimeyasusa, na mimi na maandazi mnatujua.

Yule bwana mnamjua. Suti ya bluu, miwani utosini, kila akivuta pumzi "usalama wa taifa". Kaongea mpaka feni ikachoka. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu zote: X, ile Twitter ya zamani, ilifungwa nchini Mei 2025, na wateja wangu wa korosho za kukaanga walikuwa humo. Haya mnayozungumza na makampuni ya mitandao, sisi tutaambiwa lini? Brazil waliifunga Agosti 2024 kwa amri ya jaji, kila mtu akaisoma, Oktoba ikafunguliwa.

Akaniangalia kama nzi kwenye togwa. "Kaa chini, mama korosho."

MAMA KOROSHO! Kwenye maiki! Hadi fundi spika kacheka.

Halafu akaunganisha simu yake kwenye projekta atuonyeshe "madhara ya mitandao". Pale juu, pembeni ya betri, kialama cha ufunguo, kile cha VPN ikiwa imewashwa! Kwenye ule ukuta ulikuwa mkubwa kama wa ghala la korosho. Na anaperuzi nini? X! Posti za jana usiku!

Kaa chini, mama korosho. Na ufunguo unaning'inia.

Ngalawa2: Shusha bei ya kilo kwanza ndiyo tukutetee.

Kaskazi: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walisema mwenye VPN aitolee taarifa. Labda katoa.

Mtoa mada: Kampa nani, kioo cha kabati?

MzeeWaChuno: Binti, tuwe wakweli. Mei ile akaunti ya polisi ilidukuliwa, ikarusha uzushi na picha chafu. Ulitaka wakae tu?

Mtoa mada: Babu, hilo sijabisha. Kwenye MAIKI, babu!

Salfa_Feki: Nyie mnalilia X, mimi Tandahimba nimepulizia salfa ya kuzuia ubwiri, ule ukungu wa mikorosho, ndiyo kwanza ubwiri ukanenepa. Nani anifungulie uzi?

MLindi: Afadhali yenu. Sisi Lindi mradi wa LNG, ile gesi ya kugeuzwa kimiminika, tunauimba tangu nipo kidato cha pili, sasa nina wajukuu.

Ngalawa2: Wajukuu wa LNG 😂 Sisi Mtwara 2013 tulichachamaa gesi isitoke, ikapanda bomba ikaenda Dar.

Salfa_Feki: Na mvua ikinyesha, kufika Newala ni dua.

Kaskazi: Mama korosho, robo ipo?

Mtoa mada: Ipo. Upo mtaa gani?